Nani Mwenye Deni katika Waraka kwa Filemoni?

Waraka wa Mtume Paulo kwa Filemoni una aya 25 tu, na katika Kigiriki, lugha ulimoandikwa, maneno yake ni yapata 335. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilipokea barua nyingi za kuomba nafasi zilizoupita kwa urefu, lakini ni chache mno zilizoukaribia kwa ufundi wa kuomba. Yaelekea ufupi huo ndio unaoufanya upitwe kama kijiji kisicho na kituo cha basi. Umebanwa kati ya Tito na Waebrania, na mhubiri akiutaja, aghalabu huutaja kwa hadithi ambayo kila mtu anaijua: Onesimo alikuwa mtumwa mwizi, akamwibia bwana wake, akatoroka, akakutana na Paulo kifungoni, akaongoka, akarudishwa kwa bwana wake na barua ya kumwombea msamaha. Funzo linalofuata si gumu kulikisia. Watumishi wawe waaminifu, waliokosa warudi wakatubu, na mabwana wasamehe.

Nimeisikia hadithi hiyo katika pande zetu zote mbili: huku juu Mbinga, kwenye milima ya Wamatengo ambako Wakatoliki ndio wengi, na kule Liuli ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako Waanglikana wana mizizi mirefu. Katika jambo hili madhehebu hayajatofautiana. Nami sina ugomvi na wahubiri. Ugomvi wangu ni na hadithi yenyewe, kwa sababu sehemu yake kubwa haimo katika waraka.

Msomaji na achukue Biblia yake atazame. Hakuna aya inayosema kwamba Onesimo aliiba. Hakuna inayosema kwamba alitoroka. Aya ya 15 inasema alitengwa na Filemoni kwa kitambo, na kitenzi chenyewe ni cha kutendwa: alitengwa, hakujitenga. Aya ya 18 inataja kosa na deni, lakini inaanza na neno "kama", na mwalimu wa sarufi hawezi kulipita neno hilo bila kusimama. Sentensi ya "kama" haina uzito wa sentensi ya "kwa kuwa". Waliompa Onesimo cheo cha mwizi mtoro ni wafasiri waliokuja baadaye, na maarufu kati yao ni Yohane Krisostomo, aliyehubiri juu ya waraka huu mwishoni mwa karne ya 4. Tangu hapo hadithi imerithiwa kama shamba la ukoo; hakuna anayeuliza hati yake.

Wataalamu wa siku za karibu wamejaribu njia nyingine. Mjerumani Peter Lampe alionyesha mwaka 1985 kwamba katika sheria za Kirumi mtumwa aliyekosana na bwana wake, akaenda kwa rafiki wa bwana huyo ili aombewe, hakuhesabiwa kuwa mtoro. Kwetu jambo hili halihitaji sheria ya Kirumi kulieleza. Kijana aliyekosana na baba yake huenda kwa mjomba. Hajatoroka nyumbani, amekwenda kumtafuta mtu wa kumrudisha. Mmarekani Allen Callahan alikwenda mbali zaidi mwaka 1993, akadai kwamba Onesimo hakuwa mtumwa hata kidogo, bali ndugu wa damu wa Filemoni waliyegombana. Hapo nadhani amepakia mzigo mkubwa kwenye mtumbwi mdogo. Walakini Lampe ananishawishi, na akishakubaliwa, waraka unaacha kuwa habari ya mwizi aliyetubu na kuwa shauri la watu watatu ambamo haijulikani bado mkosaji ni nani.

Kwamba hadithi ya mwizi mtoro inaweza kutumiwa vibaya, hatuna haja ya kubahatisha. Mwaka 1833, katika jimbo la Georgia huko Marekani, mchungaji Charles Colcock Jones aliwahubiria watumwa kwa waraka huu, akisisitiza utii na kulaani utoro. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba nusu ya wasikilizaji waliinuka wakaenda zao, na kati ya waliobaki wako waliosema wazi kwamba waraka wa namna hiyo haumo katika Biblia. Wengi wao hawakuwahi kuruhusiwa kujifunza kusoma. Kwa maoni yangu walikuwa wafasiri wazuri kuliko mchungaji wao, maana waraka aliowahubiria kwa kweli haumo.

Sasa nije kwenye lugha yetu, kwa sababu sisi tunausoma waraka huu kwa Kiswahili, na Kiswahili kina mtego wake. Mtumwa na mtume ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Mtume ametumwa kwa heshima. Mtumwa hutumwa tu. Katika nyaraka nyingine Paulo anajiita yote mawili: kwa Warumi, kwa mfano, anaanza kwa kujitambulisha kuwa mtumwa wa Kristo na mara hiyo hiyo mtume. Waumini wetu wamezoea, na neno limelainika masikioni mwao hata likawa karibu sawa na mtumishi. Kinyanja, ambacho kilikuwa lugha ya kanisa la Waanglikana katika ufukwe huu tangu siku za William Percival Johnson, kina neno "kapolo", nalo halina udugu wowote na kutuma. Kapolo ni mtu aliyenunuliwa au kutekwa, basi. Johnson alifanya kazi pande za Nyasa tangu 1882 hadi alipofariki Liuli mwaka 1928, na kaburi lake lipo huko. Wasikilizaji wake wa kwanza hawakuhitaji kamusi ili kulielewa neno hilo.

Basi tazama Paulo anavyouanza waraka kwa Filemoni. Hajiiti mtume. Hajiiti mtumwa wa Kristo. Anajiita mfungwa. Hakuna waraka mwingine anaouanza hivyo, na siamini kwamba ni bahati nasibu. Anamwandikia mwenye mtumwa, juu ya mtumwa halisi, mwenye jina, atakayekuwa amesimama mlangoni. Mbele ya mtu huyo neno "mtumwa" lisingeweza kutumika kama pambo la unyenyekevu. Na neno "mtume" lingekuwa fimbo. Ameyaweka yote mawili kando, akachukua la tatu ambalo ni kweli tupu: yumo kifungoni.

Jina lenyewe la Onesimo lilikuwa jina la kitumwa. Maana yake ni mtu wa kufaa, mtu wa faida, kama majina ambayo mabwana wa pwani waliwapachika watumwa wao: Mabruki, Feruzi, Faida. Katika aya ya 11 Paulo anachezea jina hilo, akisema kwamba zamani mtu huyu hakufaa na sasa anawafaa wote wawili. Katika Kiswahili mchezo huo umepotea, kwa sababu kwetu Onesimo ni jina tu la ubatizo. Tungemwita Faida tungecheka pamoja na Filemoni, kisha pengine tungeona haya, kwa kuwa kumpima mtu kwa faida ndilo jambo ambalo waraka unataka kulivunja.

Mambo mazito zaidi yako katika aya ya 16, nami nakaa hapo kidogo kwa sababu tafsiri zetu mbili kuu zinaachana hapo. Tafsiri ya zamani, ile ya Union ya mwaka 1952 ambayo wazee wengi bado wanaishika, inafuata Kigiriki kwa karibu: Onesimo anarudi si kama mtumwa, bali kama ndugu, na undugu huo ni wa mwilini na wa katika Bwana. Habari Njema, iliyotolewa katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, ni tafsiri nyepesi na ya kupendeza, nami naitumia kila siku. Lakini hapa imeongeza neno moja dogo, "tu". Onesimo si mtumwa tu, ni zaidi ya mtumwa. Na pale Paulo aliposema "katika mwili", wafasiri wakaeleza kwamba atafaa akiwa mtumwa na akiwa ndugu pia. Silabi moja, na mlango umefungwa! Kwa Union, utumwa umekwisha kuhojiwa. Kwa Habari Njema, mtumwa amebaki mtumwa na amepewa undugu kama nyongeza ya mshahara asioupata. Nafahamu kwamba wafasiri walitaka kurahisisha maneno yenye utata, na walifuata njia ya tafsiri nyepesi za Kiingereza. Hata hivyo naona wamekosea, tena mahali pabaya zaidi pa kukosea katika waraka wote.

Kwa nini nasema pabaya zaidi? Kwa sababu sisi watu wa Ruvuma tunajua kwamba neno "ndugu" peke yake halimkomboi mtu. Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa imebanwa pande mbili. Kutoka ng'ambo ya ziwa, kwenye himaya ya Jumbe huko Nkhotakota, majahazi yalivusha watumwa hadi ufukwe wa mashariki, na kutoka hapo misafara iliwapeleka Kilwa. Na kutoka Songea Wangoni waliteka vijiji. Wamatengo wakapanda milima mikali, na ngolo zao, yale mashimo ya kulimia kwenye miteremko ambayo wageni huja kuyapiga picha, zinasimulia habari ya watu waliolazimika kuishi mahali pagumu. Wakazi wa ufukweni wako waliojenga vibanda juu ya nguzo ndani ya maji ili wapate kulala.

Wangoni hawakuwauza mateka wao wote. Wengi waliwafanya watu wao. Waliwaita sutu, wakawapa nafasi katika majeshi na vijiji, na kwa muda mateka walichukua majina ya koo za waliowateka. Mtoto aliyetekwa alimwita mtekaji baba. Hilo lilikuwa jambo la huruma likilinganishwa na mnyororo wa Kilwa, na sisi wajukuu hatuna budi kulikiri. Lakini kila mtu alijua nani ni Mngoni wa asili na nani ni sutu, nani hula kwanza na nani hushika jembe. Hata katika ujana wangu, posa ilipoletwa, wazee walinong'onezana habari za bibi wa bibi aliyekuja na msafara. Undugu wa midomo na cheo cha chini vilikaa nyumba moja bila kugombana. Kwa hiyo ninapomsikia mhubiri akisema kwa furaha kwamba Paulo alimfanya Onesimo ndugu, nauliza: ndugu wa namna gani?

Nilikuwa nikiuliza swali hilo kimoyomoyo hadi lilipoulizwa waziwazi na mtu mwingine. Katika Kanisa Katoliki waraka huu husomwa Dominika ya 23 ya Mwaka C, mara moja kila miaka mitatu, na mara hiyo ilipowadia Septemba 2025 tuliurudia katika jumuiya yetu ndogo, watu kumi na wawili hivi kwenye baraza ya nyumba ya mwenyekiti. Mwalimu mstaafu huombwa aseme neno, nami nikasema mawili matatu juu ya undugu. Mama mmoja, jirani yangu, ambaye kwa kawaida haongei, akaniambia, "Mwalimu, samahani. Huyo Onesimo alipofika, alilipwa miaka aliyofanya kazi?" Wote tuliijua sababu ya swali lake. Binti yake alikuwa amerudi majuzi kutoka mjini, baada ya miaka minne ya kazi za ndani katika nyumba ya watu wenye uwezo. Waliomchukua waliahidi kumlea kama mtoto wao, na kila mgeni alipofika walimtambulisha hivyo: huyu ni binti yetu. Alirudi na godoro, kanga doti mbili na nauli. Mshahara ulikuwa haujatajwa, maana mtoto wa nyumba halipwi.

Sikuwa na jibu la haraka, na mwenyekiti akatuongoza kwenye sala. Lakini swali hilo limenifundisha kuusoma waraka kuliko vitabu vyote nilivyovitaja.

Kwanza limenionyesha neno ambalo nilikuwa nikilipita. Katika aya ya 2 Paulo anamsalimu Afia, ambaye wengi hudhani alikuwa mke wa Filemoni, na Kigiriki kinamwita dada. Katika nyumba ya Filemoni dada alikuwa mwenye nyumba. Katika nyumba zetu za mjini leo, dada ndiye anayechota maji, anayeosha watoto, anayelala jikoni. Tumechukua neno la undugu, tena neno zuri, tukaliweka juu ya kazi isiyo na saa wala hesabu. Serikali imeweka kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa majumbani, lakini sheria hiyo huishia mlangoni mahali ambapo mwajiriwa huitwa dada na mwajiri huitwa mama. Nani atamshtaki mama yake?

Pili, limenionyesha mahali ambapo somo la Dominika hukatwa. Kanisani husomwa aya ya 9 na ya 10, kisha ya 12 hadi ya 17. Aya ya 11, ile ya kufaa na kutofaa, imerukwa. Na baada ya 17 msomaji hufunga kitabu. Yaani husomwa kila kitu kuhusu moyo, upendo na undugu, na pale Paulo anapogeukia hesabu, somo limekwisha. Waliopanga masomo bila shaka walikuwa na sababu zao za urefu. Lakini yule mama aliuliza juu ya aya ambazo hakusomewa.

Tuzisome basi. Katika aya ya 17 Paulo anajiita mshirika wa Filemoni. Neno la Kigiriki ni lile lile ambalo Luka analitumia katika sura ya 5 kwa wana wa Zebedayo, waliokuwa washirika wa Simoni katika uvuvi. Watu wa ziwani watanielewa. Mwenye wavu, mwenye mtumbwi na wavuvi hugawana usipa asubuhi, na wavu ukichanika kwenye mwamba hakuna anayesema hayo si yangu. Wakulima wa kahawa wa Mbinga nao, ambao babu zao waliingia katika ushirika wa Wangoni na Wamatengo tangu miaka ya 1930, wanajua kwamba mshirika si rafiki tu. Ana hisa, ana haki ya kuuliza hesabu. Paulo anasema: mpokee huyu kama ungenipokea mimi mshirika wako. Hapo undugu umepata uti wa mgongo.

Aya ya 18 inafuata kwa lugha ya duka. Kama kuna deni, liandikwe katika hesabu ya Paulo. Na katika aya ya 19 anachukua kalamu mwenyewe, anaandika kwa mkono wake kwamba atalipa. Hiyo ni hati ya deni, iliyotiwa sahihi. Mfungwa asiye na kitu anamdhamini mtumwa asiye na kitu.

Kama waraka ungeishia hapo, ningekuwa na mashaka nao. Kwa maana jambo hilo tulikwisha kuliona likitendeka Afrika Mashariki, na tunajua lilivyokwenda. Huko Rabai, karibu na Mombasa, watumwa waliotoroka walikuwa wamekimbilia kituo cha misheni ya Kianglikana, na mabwana wao wakawadai. Mwaka 1888 George Mackenzie wa Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki alikubaliana na mabwana hao walipwe fidia, na mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati zao za uhuru. Lilikuwa jema, na hakuna mtu wa Rabai angelikataa. Unguja nako, utumwa ulipoondolewa nguvu ya kisheria mwaka 1897, sheria iliwapa mabwana njia ya kudai fidia. Upande wetu Wajerumani waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 wawe huru, na sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilingoja hadi 1922, wakati wa Waingereza. Katika habari hizo zote, fidia ilipotolewa ilikwenda kwa bwana. Miaka ya jasho ya mtumwa haikuwa na safu katika daftari la mtu yeyote.

Lakini aya ya 19 haijaisha. Baada ya kutia sahihi, Paulo anaongeza, kama mtu anayeondoka na kugeuka mlangoni, kwamba hataki kumkumbusha Filemoni kuwa yeye naye anadaiwa, tena anadaiwa nafsi yake mwenyewe. Angalia sarufi. Deni la Onesimo limewekwa chini ya "kama". Deni la Filemoni halina "kama". Katika waraka mzima mdaiwa wa hakika ni mmoja tu, naye ni bwana mwenye nyumba.

Nitaambiwa kwamba deni hilo ni la kiroho, na kwamba anayedai ni Paulo aliyemleta Filemoni kwenye imani, si Onesimo. Nakubali. Lakini usisome aya ya 19 kana kwamba ya 17 haipo. Paulo amekwisha kusema kwamba kumpokea Onesimo ni kumpokea yeye. Ikiwa Onesimo anaingia kwa nafasi ya Paulo, anaingia na madai ya Paulo. Anayebisha hodi kwa Filemoni siku ile ni mdai. Sijaona mfasiri anayeliweka jambo hili waziwazi namna hiyo, na pengine wataalamu watasema nimevuta kamba. Lakini sioni jinsi ya kuzisoma aya hizo tatu kwa mfululizo na kufika mahali pengine. Mwenye nyumba asiulize "nikusamehe nini?" kabla hajauliza "nikulipe nini?"

Simfanyi Paulo mtetezi wa ukombozi wa watumwa. Hakuandika neno la kumwacha Onesimo huru, ingawa aya ya 21, anaposema anajua Filemoni atafanya kupita aliyoombwa, imekaribia sana. Na katika waraka kwa Wakolosai, ambao wataalamu wengi wanashuku kama aliuandika mwenyewe, watumwa wanaamriwa kuwatii mabwana zao katika yote. Na waraka huo huo ndio unaomtaja Onesimo kuwa ndugu mwaminifu. Mtu anayependa mambo yaliyonyooka atahangaika. Mimi naona Paulo alikuwa na mtu mmoja mbele yake na nyumba moja ya kumrudisha, akafanya lililowezekana, kwa ujanja wa mzee. Maana ujanja upo, nao tusiufiche. Katika aya ya 8 na ya 9 anasema angeweza kuamuru lakini anaomba, yeye Paulo, mzee. Kwetu mzee akisema "sikuamuru, mwanangu", kijana hujua kwamba ameamriwa. Tena barua haikupelekwa kwa siri. Imeelekezwa kwa Filemoni, Afia, Arkipo na kanisa lote linalokutana nyumbani mwao, kwa hiyo ilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na hati ya deni ilisomwa pamoja nayo. Wako wanaoona karaha katika shinikizo hilo. Mimi nimekaa kwenye mabaraza ya ukoo ya kutosha kujua kwamba haki ya mnyonge ikiachwa izungumzwe chumbani, hubaki chumbani.

Yapo pia wanayosema juu ya mwisho wa Onesimo. Mwanzoni mwa karne ya 2 Ignasi wa Antiokia anamtaja askofu wa Efeso mwenye jina hilo, na Mmarekani John Knox alijenga nadharia nzima juu yake mwaka 1935. Yawezekana. Lakini jina lilikuwa la kawaida kwa watumwa, na sipendi hadithi ambazo mnyonge anahesabiwa kuwa mtu kwa sababu baadaye alipata cheo. Heshima ya Onesimo haikungoja uaskofu.

Ninachokipenda zaidi ni aya ya 22, ambayo wafasiri wengi huipita kama salamu za mwisho. Paulo anamwagiza Filemoni amtayarishie mahali pa kukaa, maana anatumaini kuja. Nilipokuwa kazini tulipata barua za namna hiyo kutoka kwa wakaguzi: maneno matamu ukurasa mzima, na mwishoni tarehe ya kufika. Atakuja, atakaa nyumbani mwao siku kadhaa, atakula nao, na ataona kwa macho yake Onesimo anakaa wapi wakati wa chakula. Na kuna jambo moja dogo ambalo kila mtu katika nyumba ile alilijua barua iliposomwa. Siku zote mgeni alipotarajiwa, wa kufagia chumba, kutandika na kujaza mtungi alikuwa Onesimo. Sasa chumba lazima kitayarishwe, naye Onesimo amesimama pale, amepokewa kama Paulo mwenyewe, na Filemoni na Afia wanatazamana nani ashike ufagio.